Wazee Sita Juu ya Ubao

Trekta ya baba ilinyanyua plau mara mbili tu katika shamba letu la Isimani. Mara ya tatu nilivuta mpini, injini ikaguna kama kawaida, na plau ikabaki imezama udongoni. Nikavuta tena. Nikashuka, nikaizunguka, nikaipiga teke. Nilikuwa mtu wa hasira za karibu, na siku ile niliumiza kidole changu bure.

Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati kila mwenye nguvu alikuwa akishuka Isimani kulima mahindi. Baba alitoka milima ya Kilolo, akamwachia mdogo wake shamba la huko, akashuka nasi kwenye tambarare. Ng'ombe wake wote wa kulimia alimpa mzungu mmoja mkulima aliyekuwa anahama, naye akampa trekta kuukuu ya kijivu. Aliyemshauri ni mimi. Nilikuwa nimemwendeshea mzungu yule trekta hiyo misimu mitatu, nikajiona najua kila kitu. Nilimwambia baba kwamba ng'ombe wanakula hata siku ambayo hawalimi. Akacheka, akakubali. Kwa hiyo mwaka ule hatukuwa na ng'ombe wala shamba la milimani. Tulikuwa na trekta, na mawingu yaliyoanza kujikusanya upande wa Kilolo. Mvua ikitukuta hatujalima, hatukuwa na pa kukimbilia.

Plau ya trekta ile haikuburutwa tu. Ilishikwa nyuma na mikono miwili ya chuma, na mikono hiyo ilinyanyuliwa kwa nguvu ya oili. Isiponyanyuka, huwezi kugeuza mwisho wa shamba, na kulima kumekwisha.

Nilianza na yaliyo rahisi. Oili ilikuwa imejaa. Kipini kinachounganisha pampu, ambacho wakati mwingine huchomoka chenyewe, kilikuwa mahali pake. Nikafungua vyuma vyote vya nje, pini moja baada ya nyingine, nikavisafisha kwa mafuta ya taa. Pini moja ilikuwa imelika, nikatengeneza nyingine kwa boliti. Nikakaza springi iliyo nyuma ya kiti, nikailegeza, nikaikaza tena. Baba alikaa karibu, amevua kofia, ananishikia nati humo ndani zisipotee. Kila nilipowasha aliuliza, "Imepona?" Nilimjibu kwa ukali, kana kwamba yeye ndiye aliyeiharibu. Siku nne zikaisha hivyo.

Siku ya tano nilishika mkono mmoja wa chuma ili nipitishe boliti, ukapanda wenyewe, mwepesi, bila kushindana nami. Nikaujaribu tena. Nikakaa chini. Mkono unaopanda hivyo haushikwi na chochote huko ndani. Hapo ndipo nilipoikumbuka sauti moja niliyoisikia kabla hatujaanza kulima.

Katika ukoo wetu, kitu kipya hakianzi kazi kabla wazee hawajakikalia. Kigoda, kitanda, hata baiskeli ya mjomba ilikaliwa na wazee kwa zamu, imeegemezwa ukutani. Trekta ilipofika, wazee sita walishuka kutoka milimani kwa ajili hiyo. Baba alitaka wakae kwenye kiti mmoja mmoja, na ndivyo ilivyopaswa. Mimi nikataka waone mambo. Nilifunga ubao mnene kwenye ile mikono ya nyuma, nikawakalisha wote sita kwa pamoja, nikavuta mpini. Wakapanda juu na fimbo zao, wanacheka mpaka machozi. Laiti ningeishia hapo! Nikawazungusha shambani wakiwa juu vile vile. Gurudumu likatumbukia kwenye shimo, trekta ikaruka, na nyuma yangu kitu kikalia: ka! Nikadhani ni ubao. Nikawashusha taratibu, kila mtu akanisifu.

Wazee walikuwa bado wako kwetu. Waliposikia trekta imegoma, walimwita baba jikoni, wakafunga mlango. Mama aliyekuwa akiwapelekea uji ndiye aliyenisimulia walichosema.

"Kitu tumekikalia sisi wenyewe," mkubwa wao alimwambia. "Kimefanya kazi siku moja, kimekataa. Basi kosa si la kitu. Wewe ulihama Kilolo. Ulimuaga nani kule?"

Baba hakuwa amemuaga mtu. Tulikuwa tunasali misheni, na alihama bila kwenda kwenye kaburi la baba yake kumwambia kwamba anaondoka.

Asubuhi wazee walipokuwa naye jikoni kwa mara ya pili, fundi niliyemwita kutoka Iringa mjini aliteremka kwenye lori. Alikuwa mtu wa asili ya pwani, kofia yake nyeupe haina doa hata la grisi. Tulitoa kiti, tukafungua boliti za mfuniko, tukaunyanyua wawili kwa gogo. Hakutafuta sana. Alichomoa kipande cha chuma kinene, kisha cha pili, akaviunganisha mbele ya macho yangu.

"Hiki ndicho kinachosukuma mikono," alisema. "Kimekatika. Kijana, hii trekta mliibebesha nini?"

"Mizigo."

"Mizigo huku inakwenda?"

Niliinama kukusanya boliti. Alinitazama, akatikisa kichwa.

"Haya. Kuchomelea hakufai, kitakatika tena. Spea iagizwe Nairobi, na mpaka ifike, mahindi ya wenzenu yatakuwa yamekufika kiunoni. Mweleze mzee wako."

Alirudi na lori lile lile. Nilirudisha mfuniko, nikafunga boliti zote, nikavifunga vile vipande kwenye gunia. Kisha nikaenda kumweleza baba. Naapa nilikuwa nakwenda kumweleza.

Nilimkuta anafunga unga wa ulezi wa kutambikia kwenye kitambaa. Akaniwahi.

"Usijisumbue tena na hiyo mashine, mwanangu," alisema. "Wewe huna kosa. Nimeliona kosa langu mimi. Nakwenda Kilolo, kwenye kaburi la babu yako."

Nikafarijika. Nimeishi miaka mingi tangu siku ile na nimefanya mabaya mengine, lakini hilo moja sijaweza kujisamehe: kwamba nilifarijika. Nilimbebea mfuko wake mpaka barabarani, nikamtakia safari njema.

Mvua ilianza siku ya pili baada ya yeye kuondoka. Pande zote majirani walikuwa wanalima kwa ng'ombe, nasikia wanavyowapigia miluzi. Mama na mimi tulishika majembe. Tulilima kuanzia alfajiri, na jioni tulipogeuka kutazama, palikuwa na kipande unachoweza kukivuka kwa kuruka. Mama hakuniuliza kitu. Ningefurahi kama angeniuliza.

Baba alirudi siku ya sita, ameloa, viatu kavishika mkononi. Alikuwa amekonda, lakini uso wake ulikuwa unang'aa kwa furaha. Alisema amepiga magoti kaburini toka asubuhi mpaka jua la mchana, amesema yote, hakuficha neno. Hakutaka hata kubadili nguo. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye trekta, akaweka kiganja chake juu ya boneti.

"Haya, mwanangu. Panda."

Nilipanda. Niliwasha injini, nikashika mpini, nikauvuta mpaka mwisho nikijua plau haitanyanyuka. Baba aliinama kuitazama plau. Aliinama muda mrefu, maji yakimdondoka kwenye shati. Nikazima.

"Labda sikumwambia vizuri," alisema. "Kesho nitarudi kaburini."

Nikamwambia nitamsindikiza mpaka barabarani.