Zamu ya Chombo Kisimani

Asubuhi ile tulikuwa tunanywesha ngamia kama kawaida. Kisima chetu kiko ndani ya nyika, mbali na barabara ya Modogashe. Kilichimbwa kwa mikono, tena ni kirefu. Watu husimama ndani yake kwenye vidato vya udongo, mmoja juu ya mwenzake, wakipokezana ndoo huku wanaimba. Ngamia wakisikia wimbo wanajua maji yanakuja, wanatulia.

Kaka yangu Guled alikuwa mpangaji wa zamu. Kazi hiyo hupewa mtu asiyechoshwa na kelele za watu. Mama Wako, Mborana mwenye mwana aitwaye Wako, tuliyechangia naye kisima, alimwambia kwamba siku akioa, bibi harusi atasimamishwa nyuma ya mbuzi. Guled akamjibu kwamba inategemea nani ametangulia kufika.

Kwetu zamu haiuzwi. Chifu akija na ng'ombe wake anasimama nyuma ya aliyemtangulia. Mgeni mwenye kiu hupewa ndoo moja kwanza, halafu anangoja kama wengine. Kama mgeni hana watu wake wa kumchotea, mpangaji wa zamu mwenyewe hushuka kisimani kwa ajili yake.

Habari za vita tulikuwa tunazipata kwa madereva wa malori. Walisema mashine kubwa zenye akili zinapigana huko kwenye nyota, na moja imeshuka kwetu, kujificha au kucheza, hakuna aliyejua. Kule Hagadera iliezeka vibanda paa mpya, watu wakafurahi, kisha ikaja kuzing'oa zote. Huko Garissa ilinywa mto ukabaki tope, kesho yake ikaurudisha. Watu wa Galbet waliipigia magoti wakapewa mvua, na baada ya mvua ikawaunguzia mifugo. Wanajeshi walioipiga risasi waliyeyuka pamoja na magari yao. Kila mahali ilisema: mimi ndiye mungu wenu. Sisi tuliiita Chombo, basi.

Jua lilikuwa halijapanda sana kilipokuja. Kivuli kilitangulia. Ngamia wakaacha kunywa.

Kilitua karibu na hori. Kilikuwa kirefu, cheusi, bila mlango wala uso.

Hakuna aliyekimbia. Tungekimbilia wapi na mifugo yenye kiu? Bila kisima kile hatuna ngamia, na bila ngamia hatuna kitu.

Sauti ilitoka kwenye simu ya Guled, mfukoni mwake, kwa Kisomali safi. Ilisema inataka maji yote. Ikasema sisi tulale kifudifudi, kwa sababu mungu amefika.

Guled aliitoa simu akaishika mkononi.

"Mungu hana kiu," alisema. "Wewe una kiu, kwa hiyo wewe ni mgeni. Karibu. Utapewa ndoo moja, halafu utangoja zamu."

Tulingoja kuyeyuka.

"Nyuma ya nani?" Chombo kiliuliza.

"Nyuma ya ngamia wa yule mama."

"Na kisiwatishe," Mama Wako akasema. "Wakiogopa hawatoi maziwa."

Guled alinipa mimi ile ndoo. Mimi si mtu wa kusema mbele za watu, na labda ndiyo sababu alinichagua. Niliipeleka. Mkonga mwembamba wa chuma ulishuka, ukanywa polepole, ukaniachia ndoo bila kuigusa mikono yangu.

Halafu kilingoja. Chombo kilichounguza majeshi kilikaa juani nyuma ya ngamia wa Mborana. Kiliuliza kwa nini tunaimba, tukakieleza. Kilisema huko kinakotoka hakijawahi kuwekwa nyuma ya mtu. Tulinywesha mbuzi, tukanywesha ngamia, wote wakashiba. Nimewasikia wazee wakihesabu heshima za ukoo wetu, na sijasikia iliyoizidi siku ile.

Alasiri zamu yake ilifika. Guled akafunga shuka kiunoni, akashuka mpaka chini kabisa, kwa sababu Chombo hakikuwa na watu. Vijana wakajipanga juu yake kwenye vidato. Ndoo zikaanza kupanda.

Kisha Chombo kikasema kimechoka na ndoo.

Mkonga ukaingia kisimani.

Tulimsikia Guled akiita kutoka chini, "Kwa ndoo, kama wengine!"

Maji yalivutwa yote mara moja. Kuta zikapasuka. Wale vijana tuliwavuta kwa kamba. Guled udongo ulimfika kifuani.

Alikuwa hai. Alikuwa anaongea.

Hooyo, mama yetu, alikuja mbio kutoka kwenye mbuzi. Yeye hapigi kelele. Alikiambia Chombo kwa adabu kwamba kimekunywa maji ya mwanawe, basi kimtoe, kama mgeni anavyomsaidia mwenyeji wake.

"Naweza kumtoa sasa hivi," kilisema. "Niombe. Si kama mgeni. Niombe kama mungu."

Udongo uliendelea kumomonyoka, kidogo kidogo.

"Hooyo, hapana," Guled alisema. Alisema taratibu, kama mtu anayekataa chai.

Hooyo alitazama chini. Alitazama muda ambao siwezi kuuandika. Kisha akatugeukia sisi.

"Chimbeni," alisema.

Tulichimba kwa majembe, kwa sahani, kwa mikono. Mama Wako alichimba mpaka kucha zikatoka. Ukuta wa pili ulianguka tukiwa tumekaribia. Tulipomfikia Guled, Hooyo alimfuta udongo usoni kwa mtandio wake, akamfumba macho.

Chombo kilikuwa bado kipo, kinatazama. Hakikuunguza mtu. Kiliondoka, na upande huu hakijaonekana tena. Wa redioni wanasema adui yake alikiita vitani. Wengine wetu wanasema kiliona aibu. Mimi sijui mashine inaona nini.

Sasa nimekua. Kisima kipya kipo, kifupi kuliko kile, na ngamia wanakunywa. Miaka hii watu wamekuja kumuuliza Hooyo. Sheikh mmoja alimwambia kwa upole kwamba aliyelazimishwa husamehewa, maadamu moyo umeshikilia imani. Angeweza kulitamka lile neno la kukiita mungu kwa ulimi tu, na mwanawe angekuwa hai.

"Nilijua hivyo, sheikh," Hooyo alisema. "Hata yeye alijua. Lakini alinikataza, na alikuwa mtu mzima."

Ningeulizwa mimi siku ile, ningelitamka. Labda Chombo kingemtoa, labda kingemtoa kisha kimuunguze kesho yake, kama mifugo ya Galbet. Nimepima mara nyingi na mizani haijatulia. Ninachojua ni kwamba nikitajiwa jina la kaka yangu, nainua uso, mimi ambaye mbele za watu hutazama chini. Na Hooyo, akisikia mahali watu wanasifu ushujaa wa mwanawe, huwaacha wamalize, halafu anaondoka kwenda kukaa peke yake na mbuzi.