Punda Alikubali Kitambo

Mume wangu alikuwa ametoka kwa kinyozi hapo Noonkopir alipokinunua kijitabu cha kwanza. Msichana mmoja wa Kajiado alikuwa ameweka meza nje ya duka la fotokopi, akiuza michezo aliyoiandika mwenyewe. Mchezo wenyewe hauna ubao. Mnaketi, kila mmoja anajifanya mtu fulani wa kwenye hadithi, msimulizi anasimulia, na pakiwa pagumu mnatupa dadu. Mimi niliuona upuuzi mtupu na nikasema hivyo.

Wiki iliyofuata alirudi kumlalamikia yule msichana. Kwenye kijitabu chake, punda alitii amri kama gari. Mzee wangu tangu utotoni aliteka maji kwa punda, na jambo hilo lilimkera. "Punda hukataa," alimwambia. Kijitabu cha pili kilipotoka, sheria ilikuwa imo: kabla ya kuvuka maji, tupa dadu uone kama punda amekubali. Aliisomea kila mgeni aliyeingia kwetu, hata mchungaji aliyekuja kutuombea.

Tangu hapo alinunua kila alichotoa yule msichana, hadi dadu za rangi alizokuwa nazo tayari, na kila Jumamosi akawa anaenda kucheza naye pale mezani.

"Unanunua mchezo ama unanunua salamu?" nilimuuliza.

"Huyo msichana nikiongea anasikia," akasema. "Kuja tu siku moja uone."

Nilikuwa na nguo za kufua. Kila Jumamosi nilikuwa na nguo za kufua.

Akirudi jioni nilimuuliza kwa kejeli kama wamevuka ule mto wao wa mchezoni.

"Bado."

"Huyo punda wako ni kichwa ngumu kama wewe."

Alicheka, akaomba chai.

Baada ya kumzika, nilipopata nguvu, nilienda kumwambia yule msichana asimwekee vitabu tena. Alikuwa amesikia. Alinishika mikono yote miwili na kuanza kulia kabla yangu, jambo lililoniudhi kidogo. Kisha akatoa kijitabu kipya alichokuwa amemwekea.

"Beba tu, mama. Sitaki pesa."

Nilimwambia kwetu hakuna wa kukicheza, na kwamba hata mzee mwenyewe alikwama mtoni kwa sababu ya punda.

Alinitazama. "Punda alikubali kitambo, mama. Ni mzee alikataa. Kila Jumamosi nikimuuliza kama anavuka, anasema bado anangoja bibi yake."

Nililia pale nje, watu wakipita na sukuma wiki zao. Uchungu ule mpaka leo sijui niuweke wapi. Nilikilipia kijitabu bei kamili. Alitaka kukataa, nikamkazia macho. Halafu nikavuta kiti cha plastiki alichonionyesha kuwa ndicho cha mzee, nikaketi, nikamuuliza maji ya ule mto yanafika wapi.