Siku Tupu za Mama Mvua

Mtaa mzima humwita Mama Mvua, ingawa hawezi kuileta mvua wala kuizuia. Yeye huipima tu. Kwa miaka ishirini na miwili, kila siku saa tatu asubuhi, ameweka chini ufagio wake katika kituo cha afya anakofanya usafi, akaenda uani kwenye kopo la kupimia mvua, akasoma milimita na kuziandika daftarini.

Mwaka huu madaftari hayo yaligeuka lulu. Mfuko wa fedha za tabianchi ulikuwa tayari kujenga tuta kando ya mto, ule unaofurika hadi vitandani mwa watu, kitanda cha Mama Mvua kikiwemo. Sharti lilikuwa moja: kumbukumbu za mvua za miaka ishirini, ili kompyuta ikadirie maji yatafika wapi. Mtambo mpya unaotuma vipimo kwa simu ulikuwa na miaka miwili tu. Mwisho wa kupokea maombi ulikuwa Ijumaa.

Jumatano, mtaalamu wa takwimu kutoka idara ya hali ya hewa, aliyekuwa amenakili madaftari wiki nzima, aliinua uso kutoka kwenye kompyuta.

"Mama, mfumo wa maombi umezikataa kumbukumbu zako. Zaidi ya nusu ya siku ni tupu. Mfumo unadhani hukwenda kupima."

"Sikwenda?" Mama Mvua aliitua ndoo kwa kishindo. "Hizo siku haikunyesha, mwanangu. Mvua yenyewe haikuja, niandike nini? Salamu zake?"

"Ungeandika sifuri."

"Sifuri! Shuleni nilipewa nyingi, sikuona faida yake."

Mtaalamu alicheka bila kutaka, kisha akashusha pumzi. "Mimi nakuamini. Ila wenye mfuko watauliza: tutajuaje kwamba hii ni siku kavu, si uvivu?"

Neno hilo lilimchoma Mama Mvua. Aliyelihudumia kopo miaka yote hiyo, leo aitwe mvivu! Akavuta daftari moja la zamani, akaligeuza, akafunua ndani ya jalada la nyuma.

"Haya, soma."

Mtaalamu akasoma kwa sauti: "Tarehe kumi na tisa, sikupima, nimejifungua binti. Ishirini, sikupima, bado nimelala. Ishirini na moja, nimepima, binti mgongoni."

Akafunua daftari jingine, na jingine. Kila siku aliyokosa alikuwa ameiungama huko nyuma, pamoja na sababu. Miaka ishirini na miwili, siku kumi na nne tu.

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Nani hutangaza makosa yake?"

"Makosa haya ndiyo ushahidi wetu!"

Akayapiga picha majalada yote, akaielekeza kompyuta ijaze sifuri kila palipo patupu, isipokuwa siku zile kumi na nne. Alhamisi jioni mfumo ulizipokea kumbukumbu.

Lori la kwanza la mawe ya tuta lilipita nyuma ya kituo miezi saba baadaye, likitimua vumbi. Mama Mvua alikuwa ameinamia kopo. Lilikuwa kavu kabisa. Akafungua daftari, akaandika sifuri moja kubwa, akaikaza wino mara mbili.