Uso Wangu Katika Filamu Mpya

Mume wangu alikuwa mpiga picha katika cité, mtaa wa Waafrika, kule Élisabethville, Kongo, na mimi ndiye niliyemsafishia picha zake. Chumba cha giza kilikuwa nyuma ya duka, hakina dirisha, na mlango wake ulifungwa kwa ufunguo kutoka nje. Alisema ni kwa sababu ya wateja: mmoja akifungua kwa bahati mbaya, kazi yote imekwenda. Sababu nzuri kabisa. Ila hata siku ambazo hapakuwa na filamu ya kusafisha, mlango ulifungwa vilevile, na mimi ndani.

Kila Jumapili baada ya misa kaka yake mkubwa alikuja, wakabishana jambo lilelile.

“Yaya, foto ni objectif,” mume wangu alimwambia kaka yake, akigonga lenzi ya kamera. “Objectif ikikuwa muzuri, kila kitu inaonekana.”

“Hapana, ni filme. Weye unaonaka manguo tu. Sura ya bantu iko wapi?”

Nilicheka kimoyomoyo nyuma ya mlango, maana shemeji alisema kweli kuhusu sura za watu. Ile lenzi mpya iliyotoka Ulaya ilionyesha kila uzi wa shati, kila kifungo, mpaka misumari ya kiti. Lakini filamu za wakati ule hazikujua ngozi yetu. Uso ulitoka doa jeusi lenye macho mawili.

Ndivyo nilivyokuwa katika picha zote alizompelekea mama yangu kule Sakania, kwa mkono wa jirani aliyefanya kazi kwenye reli. Viatu vinang’aa, gauni la maua, saa mkononi. Mama hakujua kusoma, mimi sikujua kuandika, na salamu zangu zote zilipita kwa mume wangu kwanza. Mama aliwaonyesha majirani zile picha, akasema binti yake amepata. Niliichukia ile saa. Ilikuwa ya mume wangu, nilivishwa kwa picha tu, kisha nikavuliwa.

Halafu shemeji akaleta filamu ya aina nyingine. Ile ya zamani ilivumilia taa nyekundu; hii haikutaka taa yoyote. Mume wangu alichukua taa, akafunga mlango. Taa ile ndiyo iliyokuwa mwenzangu mle ndani. Sasa nilifanya kazi kwa kupapasa, jasho likinitoka, nikiogopa kama mtoto.

Picha ya kwanza ya kuijaribu filamu hiyo ilikuwa yangu. Wakati wa kuichapa kwenye karatasi, isiyodhurika na taa nyekundu, nilirudishiwa taa, na ndani ya beseni la dawa uso ukaanza kutokea. Ulikuwa wangu wote: mashavu yaliyobonyea, mdomo uliokazwa, macho ya mtu anayesikiliza ufunguo. Nililia. Sikujua kwamba nimekuwa hivyo.

Mume wangu alikagua gauni, akakagua viatu, hakukuta kasoro.

“Iko muzuri,” alisema. “Hii tutume kwa mama.”

Akaituma mwenyewe, kwa furaha.

Majuma yakapita. Siku moja nikiwa gizani na filamu mikononi, nilisikia sauti ya mama yangu dukani.

“Mutoto yangu iko wapi?”

“Iko mu kazi, mama. Hatuwezi kufungula, filme itaharibika.”

“Fungula.”

Kwetu mwanaume hamtazami mama mkwe wake usoni, wala hamzibii njia. Nilisikia ufunguo ukizunguka, kisha miguu ya mume wangu ikirudi nyuma, nyuma kabisa.

Mwanga uliingia wote kwa mara moja, filamu ikaungua mikononi mwangu. Mama hakuniuliza habari. Alinishika kidevu, akaugeuza uso wangu kwenye mwanga, akautazama kwa muda mrefu.

“Twende,” alisema.

Nilinyoosha mkono nichukue viatu.

“Ni bile ya foto?” mama aliuliza, akivionyesha kwa kidole.

Nikaitikia kwa kichwa.

“Uache.”

Tukaenda kituo cha treni, mimi pekupeku.