Injini Iliyokataa Kuzimika

Jumamosi mnadani, pembeni mwa Geita, nilimwona mtu akitaka kubadilishana ng'ombe wake na kipanya, basi dogo la abiria, kilichotumika. Mkewe alishika kamba za ng'ombe kwa mikono miwili. Hawakuwa na ng'ombe wengine nyumbani.

"Nitapakia abiria na viroba vya mawe ya dhahabu kutoka Rwamgasa," mume alisema. "Ngoja niijaribu klachi."

Akapanda, akawasha, akavuta handbreki mpaka mwisho, akaweka gia ya tatu, akaanza kuachia klachi polepole.

"Baba Kulwa, utaliua gari la watu!" mkewe akalia.

Mimi, mwanangu mgongoni, niliomba kimoyomoyo lisizimike, maana nilimwonea huruma yule mama. Gari likatetemeka, likanguruma, likabaki linanguruma palepale.

Muuzaji akapiga makofi, nasi tukapiga. "Umeona, mkubwa? Injini ya chuma! Mama, lete hizo kamba."

Mama akazinyoosha, anatabasamu.

"Shikilia, Mama Kulwa," mumewe akasema, akazima gari mwenyewe. "Gia imeingia, breki imeshika, klachi nimeiachia yote. Ingekuwa nzima, injini ingezimika. Klachi hii imelika, inateleza. Tukifika mlimani na mzigo, tutabaki tunanguruma hivihivi."

Muuzaji akaanza kufuta kioo ambacho hakikuwa na vumbi. Mama akazizungusha kamba mkononi upya.

Niliomba lisizimike, nikajibiwa. Kumbe niliombea ubovu. Siku hizi, kabla sijaombea kitu, nauliza kwanza kinavyofanya kazi.