Moshi kwenye Koti Langu

Wiki hii tuliitwa halmashauri, Bukoba, kutoa maoni kuhusu sheria ndogo ya moshi wa viwanda. Nilikuwa wa kwanza kusimama, nikawasema wenye viwanda wanaotuharibia hewa na mvua. Nilipigiwa makofi, nikaketi kichwa kimevimba. Jirani yangu wa benchi, mama mkulima kutoka Muleba, akaushika mkono wa koti langu, akaunusa.

"Waitu mwanangu, unachoma nini?"

"Matofali tu, mama. Ya nyumba yangu, Kitendaguro."

"Kwa magogo?"

"Fuso mbili."

Ofisa wa mazingira akainua kalamu. "Hata tanuru ni kiwanda. Nikuandike?"

Nikasimama tena, safari hii kwa sauti ndogo, nikapendekeza sheria ianze kutumika nyumba yangu ikishafika kwenye lenta.