Mkanda wa Athumani

Jumanne iliyopita, baada ya swala ya alasiri, tulimzika Athumani, rafiki yangu wa tangu ujana. Pale msibani kijana mmoja alisimama akanisifu mbele ya watu. "Mzee Beni hakumtupa mwenzake," alisema, "hata baada ya ile ajali ya sikio." Watu wakaitikia. Mimi nikainamisha kichwa, wakadhani nalia. Sikuwa nalia, mwanangu. Nilikuwa na hasira, na mpaka sasa ninapoandika ninayo. Ile haikuwa ajali.

Naikumbuka Jumamosi yenyewe. Ilikuwa miaka ya Ujamaa. Asubuhi tulipanga foleni ya sukari, jioni tukafanya mazoezi ya taekwondo katika ukumbi mmoja nyuma ya soko la Kariakoo. Aliyetufundisha ni Mwalimu Kasimu, fundi magari aliyejifunza mchezo huo jeshini. Mimi na Athumani tulikuwa tumefika mkanda wa kijani. Huo ni mkanda wa katikati, ambapo mtu ameshajua kupiga lakini kujizuia bado.

Kitambaa kilikuwa adimu. Mama yake Athumani, aliyetoka Lindi akiwa na mwanawe mgongoni, alichana kanga kuukuu, akaichemsha na rangi ya kijani, akamshonea mkanda. Ulikuwa mwepesi, unafunguka ovyo. Wangu ulikuwa wa turubai. Ukifungwa, umefungwa.

Mwezi ule tulikuwa tunajifunza fomu ya mkanda wetu, yaani zile hatua ishirini na nane zinazofuatana, unazicheza peke yako kama unapigana na watu usiowaona. Katikati yake kuna mahali unasimama kwa mguu mmoja, mikono imejikinga, unatulia, halafu ndipo unatoa teke la ubavu. Athumani alisimama pale kama nguzo. Mimi nilipita mbio.

"Tulia, Beni," aliniambia. "Teke halitakukimbia."

"Wewe subiri. Tukifika kwenye pambano tutaonana."

Tulifika kwenye pambano Jumamosi hiyo. Wapagazi wa sokoni walikuwa wamemaliza kazi, wamejaa madirishani. Athumani alinigusa kifuani mara tatu, kila mara akisimamisha mguu kabla haujaumiza, kama sheria ilivyotaka. Wapagazi wakaanza.

"We Beni, unachezewa kama tiara!"

"Mrudisheni kwa mama yake akamenye viazi!"

"Jamani, mwacheni, anahesabu mateke!"

Masikio yangu yakawaka moto. Hapo mkanda wa Athumani ukafunguka, ukaanguka sakafuni. Sasa sikiliza, mwanangu, maana hapa ndipo penyewe. Kwetu mkanda wa mwenzako ukianguka, pambano limesimama. Yeye anakugeuzia mgongo ili ajifunge kwa heshima, nawe unapiga goti unamngoja. Hakuna anayepuliza filimbi. Anakugeuzia mgongo kwa sababu anakuamini.

Athumani aligeuka, akainama kuokota mkanda wake. Mimi nikampiga teke. Lilimpata kwenye sikio la kulia, kwa nguvu zangu zote.

Mwalimu Kasimu alikuja taratibu, akasimama mbele yangu.

"Uliona mkanda umeanguka?"

"Sikuona, Mwalimu."

Athumani alikuwa amekaa chini, damu inamtoka sikioni. Akasema, "Hakuona, Mwalimu. Huu mkanda wangu nao, hata kuanguka hausikiki."

Mwalimu alinigeukia. "Katika fomu kuna mahali pa kutulia," alisema. "Ulidhani pamewekwa ili upumzike?" Halafu akawaambia watu wote kwamba ni ajali, nami nikaliacha neno hilo likae.

Athumani alikuwa ameitwa kwenye usaili wa kazi ya udereva bandarini. Alikuwa ameshafaulu kuendesha, imebaki kupimwa afya. Daktari akamwekea saa ya mkononi kwenye sikio la kushoto, akasikia. Akaihamishia kulia.

"Nikamwambia, daktari, saa yako imesimama," Athumani alinisimulia huku anacheka.

Kazi akapewa mwingine. Yeye alisukuma mkokoteni Kariakoo mpaka mgongo ukakataa, anapigiwa kelele na madereva ambao hakuwasikia wakija upande wa kulia. Na mimi? Nilipanda mkanda mmoja baada ya mwingine. Nikawa naitwa mwalimu. Nani alinipa haki hiyo? Kila aliponitambulisha kwa watu alisema, "Huyu ndiye bingwa wetu," nami nikapokea mkono wa shikamoo, nikajibu marahaba, mtu mzima mwongo.

Kwa hiyo ninapowaona ninyi wa siku hizi mnampiga mwenzenu aliyeinua mkono kuomba asubiriwe, huku wengine wanashangilia na simu zao, damu yangu inachemka. Nawajua. Nimekuwa ninyi. Mwanangu, mkanda wa mwenzako ukianguka, piga goti umngoje, hata dirisha zima likikucheka. Kicheko chao hakikufika hata magharibi ya siku ile. Sikio la Athumani lilikaa kimya maisha yake yote. Na ukikosea, kiri siku ileile, mbele ya walewale waliokuona. Usikubali wakupe neno zuri la kujifunika. Mungu akujalie mguu unaojua kusimama, na akupe ujasiri wa kusema kweli wakati anayestahili kuisikia bado yupo.

Mimi ujasiri huo sikuwa nao. Jumapili, siku mbili kabla hatujamzika, nilikwenda kwake Mchikichini. Kifua kilikuwa kimembana, amelala chali. Nilivuta kigoda nikakaa upande wake wa kulia. Nilijua ni upande gani. Nikainama nikasema, "Athumani, niliuona mkanda. Uliponigeuzia mgongo nilikuona."

Aligeuza kichwa taratibu, akanielekezea sikio la kushoto.

"Unasemaje, Beni?"

Nikamwambia, "Nauliza kama unataka maji."

"Nipe," akasema.

Nikampa, akanywa.